Alikolala Nyla

Kwa Jumamosi ya tatu mfululizo Verlene Stribling alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma katika ukumbi wa kanisa lao, mkoba mapajani, namba ya foleni mkononi, na hasira kaifunika kama mtu aliyekalia kifuniko cha sufuria inayochemka.

Jumamosi ya kwanza walimrudisha kwa sababu hakuwa na kadi ya hifadhi ya jamii ya mjukuu wake. Kadi hiyo ilikuwa na Shandra, mama wa mtoto, huko Memphis, na Shandra hakuwa akipokea simu. Wiki nzima Verlene akahangaika mpaka katibu wa shule akamtolea nakala iliyokuwa kwenye faili la mtoto. Jumamosi ya pili akaja na nakala yake, akakaa tangu asubuhi, na alipobakiza mtu mmoja mbele yake mtandao ukakatika, wakaambiwa wote waende nyumbani.

"Dada Verlene, umerudi tena?" Shemasi Hosea Bright ndiye aliyesimama mlangoni akigawa namba, koti lake la Jumapili limempwaya mabegani. "Nikutandikie kitanda hapa hapa?"

"Nitandikie, na blanketi usisahau. Wiki iliyopita ulinifungia mlango usoni."

"Si mimi, ni mtandao."

"Mtandao wenu hufa kila nikifika mimi. Umeuombea?"

"Nimeuombea, dada, na mikono nimeuwekea. Hauna imani."

Wanawake waliokaa karibu wakacheka. Verlene naye akacheka kidogo, puani. Wengi wao aliwajua kutoka kiwandani, ambako walisimama bega kwa bega wakipasua samaki aina ya kambare kwenye maji ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Wote walikuwa wamekuja kwa jambo moja. Mtu wa mshahara mdogo anayelea mtoto, serikali ilimrudishia kodi aliyokatwa na kumwongezea fedha nyingine juu yake, na pale kwao, katika bonde la Delta, watu waliishi mwaka mzima wakizingoja fedha hizo. Huyu atanunua tairi, yule atalipa deni la umeme. Na hapo ukumbini kuandikiwa ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kulikuwa bure. Walioziandika walikuwa watu waliojitolea, wala hawakupokea hata soda.

Verlene yeye alitaka paa. Tangu mume wake Otis afariki, paa la upande wa nyuma lilikuwa likioza taratibu, na msimu huu wa baridi lilianza kuvuja juu ya kitanda cha mjukuu wake Nyla. Alikuwa amemhamishia mtoto chumbani kwake, na kule nyuma kumebaki sufuria sakafuni. Shandra alipokuja Krismasi aliiona ile sufuria. Hakusema kitu siku hiyo. Alisema baadaye, kwa simu: "Mama, mwanangu hawezi kukaa kwenye nyumba inayovuja. Usipotengeneza, nakuja kumchukua." Tangu hapo kila wingu lilipojikusanya Verlene alihisi linamkusanyikia yeye.

"Namba yako, dada," Hosea akaita. "Nenda mezani kwa Bi. Oakes, kabla mtandao haujakuona."

Bi. Winifred Oakes alikuwa mstaafu wa benki, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakuwa na haraka, na hilo lilimchosha Verlene. Aliuliza jina, akauliza tena lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Akaipokea karatasi ya mshahara kutoka kiwandani, akaisoma kama anayesoma wosia. Kisha akageuka.

"Mwaka jana Nyla alilala wapi?"

"Alilala kitandani kwake, atalala wapi?"

"Nyumba ya nani, Bi. Stribling?"

"Yangu."

"Zaidi ya nusu ya mwaka?"

"Mwaka wote. Alikuja mwaka juzi shule ilipofunguliwa, hajaondoka. Mama yake yuko Memphis."

"Mama yake aliishi nanyi hata kidogo?"

"Alilala siku mbili Krismasi, akaenda zake. Mbona unaniuliza mambo ya kitanda? Mimi ndiye ninayempikia, ninayemsuka, ninayempeleka kanisani."

Bi. Oakes akavua miwani. "Najua. Lakini sheria inaanza na pale mtoto alipolala. Kama alilala kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na hakulala kwa mama yake, basi kwa mwaka ule ni wako kwenye ritani."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, jambo la serikali lilimwingia Verlene akilini. Alipolala. Hata yeye, kama angeulizwa mtoto ni wa nani, huenda angejibu hivyo hivyo.

Mtu mwingine wa kujitolea akaja akakagua kila mstari upya, maana pale ukumbini hakuna ritani iliyotoka bila kupita macho ya watu wawili. Verlene akatia sahihi. Bi. Oakes akabonyeza, ritani ikaenda, naye Verlene akasema "Asante Yesu" kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Akaingia jikoni kuwasaidia akina mama kuosha vikombe. Alikuwa bado ana povu mikononi Bi. Oakes alipokuja kumwita, na uso wa yule mama ulimwambia kabla mdomo haujasema.

"Imerudi, Bi. Stribling. Wameikataa."

"Nimekosea nini tena?"

"Hujakosea. Namba ya Nyla ya hifadhi ya jamii imekwisha kutumika. Kuna mtu amepeleka ritani yake kabla yako, akaandika kwamba mtoto ni wake. Kompyuta yao haipokei namba ya mtoto mara mbili."

"Nani?"

"Hawatuambii ni nani. Hata mimi hawaniambii."

Verlene akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Hakuhitaji kuambiwa. Namba ya Nyla ilikuwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa kwenye pochi ya mtu mmoja tu.

Alitoka nje, akasimama kwenye maegesho kando ya basi dogo la kanisa, akapiga simu. Akapiga tena. Mara ya tatu Shandra akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Mama, nimefanya kazi usiku kucha, nimelala sasa hivi."

"Umemwandika Nyla kwenye kodi yako?"

"Ndiyo. Si mwanangu?"

"Shandra."

"Nimemzaa mimi. Cheti cha kuzaliwa kina jina gani, lako au langu? Yule bwana wa kibandani aliniuliza, 'Una mtoto?' Nikasema ninaye. Ningesema sina?"

"Kibanda gani?"

"Kile cha kuandika kodi, karibu na duka la matairi, wana mtu anacheza barabarani kavaa vazi la noti ya dola. Walinipa pesa siku ile ile."

"Walikupa zote?"

"Wakakata zao. Kila mtu anakata zake, Mama."

"Hapa kanisani hawakati. Wangekuuliza mtoto alilala wapi, usingekuwa na la kujibu."

"Ndiyo maana sikuja kanisani."

Verlene akashika kioo cha pembeni cha lile basi kama anayeshika mkono wa mtu. "Pesa hizo zilikuwa za paa. Paa la juu ya kichwa cha mwanao."

"Nami nimezitumia kwa ajili ya mwanangu!" Sasa Shandra alikuwa macho kabisa. "Nimeweka amana ya nyumba ya vyumba viwili. Nimenunua kitanda. Kitanda, Mama, chenye droo chini. Sikuzila. Namtaka mwanangu."

Hilo Verlene hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kupambana na viatu vipya na simu mpya. Kwa kitanda hakuwa amejiandaa. Kwa hiyo akasema lililokuwa karibu na ulimi. "Nitapeleka yangu vilevile. Kwa karatasi, kwa posta. Wakuulize wewe na waniulize mimi."

"Peleka," Shandra akasema, sauti imeshuka chini. "Ukipeleka, Jumamosi nakuja na gari kumchukua. Usisumbuke kunipikia." Akakata.

Aliporudi ndani, Bi. Oakes alimweleza njia iliyobaki. Ritani ichapwe kwenye karatasi, aitie sahihi, aitume kwa posta. Serikali itawaandikia wote wawili. Kila mmoja ataambiwa alete ushahidi wa mahali mtoto alipoishi: barua ya shule, ya kliniki, ya mchungaji. Asiyekuwa na haki atarudisha fedha.

"Yaani mimi niliyeamka naye kila asubuhi ndiye nithibitishe," Verlene akasema.

"Ndiyo."

"Na aliyesema uongo kibandani akalipwa siku ile ile."

"Ndiyo, Bi. Stribling. Samahani."

"Huna kosa wewe. Ila naomba usiniambie samahani leo. Zimeshanitosha." Akakunja zile karatasi bila kuzitia sahihi, akaziingiza kwenye mkoba kando ya Biblia.

Wiki ile kazini alijikata kidole, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa mgeni kwenye kile kisu. Kwenye maombi ya Jumatano akina mama walipomwuliza aombewe nini, alisema, "Niombeeni ninyamaze," wakadhani anatania. Jinsi alivyoliona, alikuwa na milango miwili na yote ilitokea shimoni. Asipotuma, hakuna paa, na Shandra atasema nyumba inavuja, amchukue mtoto. Akituma, Shandra atamchukua kwa hasira. Alimwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda ambacho Nyla alikuwa amekilalia mshazari kama ubao.

Nyla alikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Alikaa mezani akisukuma maharage na sukuma wiki pembeni, akila mkate wa mahindi peke yake.

"Bibi, Mama anasema nina kitanda kipya chenye droo."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Kiko Memphis."

"Kiko Memphis. Kula mboga."

"Nikienda, wewe utalala na nani?"

"Nitalala na amani, mateke yako yataniishia. Kula mboga, nimesema."

Siku iliyofuata alipita shuleni na kliniki, akachukua zile barua. Barua ya shule ilisema kwa mistari miwili kwamba mtoto huyu anaishi na bibi yake katika anwani hii tangu mwaka juzi. Alizisoma zote garini, akaziweka na zile karatasi, wala bado hakutia sahihi.

Jumamosi Shandra alifika asubuhi, moja kwa moja kutoka kazini. Mvua ya Delta ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na mwisho. Aliingia na begi tupu la nguo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bado amevaa fulana ya ghala alikofanyia kazi. Nyla akamrukia kiunoni. Kutoka chumba cha nyuma maji yalilia kwenye sufuria: tip, tip, tip.

"Unasikia?" Shandra akasema. "Unasikia, Mama? Hiyo ndiyo nyumba ya mwanangu?"

"Nimeisikia kabla yako."

"Umetuma?"

Verlene akaweka mkoba mezani, akatoa karatasi. "Sijatuma. Ziko hapa, hazina sahihi. Sasa nisikilize, mwanangu. Sitagombana na wewe mbele ya mtoto. Twende ukumbini, sote watatu. Ukae mezani kwa Bi. Oakes, akuulize alivyoniuliza mimi. Ukimjibu, ukatoka pale bado ukisema kwamba mwaka jana mtoto alikuwa wako, nazichana hizi karatasi mbele yako, na begi nalifunga mimi kwa mkono wangu."

"Mama, mimi nimetoka kazini. Nimeendesha gari kwa muda wa saa mbili."

"Ndiyo maana utafurahi kukaa kwenye kiti."

Shandra alimjua mama yake. Hakuwahi kumsikia akitishia jambo asiloweza kulifanya. Labda alidhani atashinda, au alichoka tu. Akasema, "Sawa. Twende tumalize."

Hosea aliwaona mlangoni, akafungua mdomo kutania, akaona nyuso zao, akaufunga. Alimpa Shandra namba na kumpa Nyla kipande cha keki. Wakakaa. Foleni ilikwenda kama kawaida yake, yaani haikwenda. Shandra akatikisa mguu. Akainuka, akakaa. "Kibandani ningekuwa nimeshatoka," akasema.

"Ndiyo," Verlene akasema. "Na wao wangekuwa wameshakata zao."

Hatimaye wakaitwa. Bi. Oakes aliwatazama wote wawili, akaelewa. Aliitaka ritani ambayo kibanda kilimpa Shandra, akaisoma polepole hadi mwisho.

"Hapa pameandikwa kwamba Nyla aliishi na wewe miezi yote ya mwaka," akasema.

"Sikuandika mimi. Yule bwana aliandika."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza kama nina mtoto."

"Basi naomba nikuulize mimi. Mwaka jana, Nyla alilala wapi?"

Shandra akageuza kichwa. Nyla alikuwa kule mbali karibu na jiko, akimwonyesha Hosea jinsi ya kukunja boti la karatasi. Verlene aliibana midomo. Alikuwa ameomba aombewe kunyamaza, na sasa ilimbidi anyamaze kweli.

"Mimi ni mama yake," Shandra akasema.

"Ndiyo. Hilo halina ubishi, wala karatasi hii haiwezi kuliondoa. Nauliza usiku tu."

"Usiku." Shandra akalirudia neno kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito. "Usiku mimi niko kazini. Naingia saa nne usiku, natoka jua limechomoza. Kila usiku isipokuwa Jumapili." Alikuwa ameanza kujibu swali la mwaka jana na katikati akajikuta analijibu la mwaka huu. Verlene aliliona likimshukia usoni. Vyumba viwili, kitanda chenye droo, na mtoto peke yake ndani giza likiingia.

"Jirani yangu alisema atamwangalia," Shandra akasema, bila kuulizwa. Kisha, "Ana watoto wake watatu." Machozi yakamtoka, ya hasira, akayafuta kwa ukosi wa fulana kama anayefuta jasho. "Mwaka jana alilala kwa Mama. Andika. Alilala kwa Mama mwaka mzima. Haya, mmefurahi?"

"Hakuna aliyefurahi," Verlene akasema.

Bi. Oakes alieleza, taratibu, asiruke neno. Shandra ataandika ritani ya marekebisho mwenyewe, kabla serikali haijamgundua, na hilo ni bora zaidi kwake, maana wakimgundua wanaweza kumfungia asipate nafuu hiyo ya kodi kwa miaka kadhaa. Zile fedha za mtoto zitadaiwa, ataomba alipe kidogo kidogo. Walichokata wale wa kibanda hakitarudi.

"Wamenila mimi, na nitalipa mimi," Shandra akasema.

"Ndivyo ilivyo."

"Na Mama atapata lini zake?"

"Ya karatasi huchukua miezi. Pengine kiangazi. Pengine baada ya hapo."

"Kiangazi!" Verlene alishindwa kujizuia, sauti yake ikagonga dari. "Mvua iko juu ya paa leo!" Watu wakageuka. Hosea akakohoa. Verlene akashusha pumzi, akachukua kalamu, akatia sahihi mahali palipokuwa wazi wiki nzima. Aliibonyeza ile kalamu kiasi kwamba jina lake lilionekana hadi karatasi ya chini.

Shandra alifungua pochi, akatoa kadi ndogo iliyochakaa pembezoni, kadi ya Nyla, akaisukuma mezani mbele ya mama yake bila kumtazama.

"Ikae kwako," akasema. "Usinipigie tena simu za kadi asubuhi nimelala."

Verlene akaiweka ndani ya Biblia. Alitaka kumshika mkono binti yake, akaona ni mapema mno, akaacha.

Walitoka mvua ikiendelea. Nyla alikimbilia kiti cha nyuma na boti lake la karatasi. Shandra aliwasha gari, akakaa ameushika usukani bila kuondoka, vioo vikaingia ukungu.

"Lile turubai la Baba," akasema mwishowe, kwa ukali kama bado wanagombana. "Bado liko bandani?"

"Liko. Panya wamelitoboa pembe moja."

"Na ngazi?"

"Shandra, hujalala."

"Nimekuuliza ngazi, Mama."

"Iko nyuma ya banda."

"Basi shikilia ngazi vizuri, usinidondoshe. Na kama kuna maharage yamebaki, yapashe. Nilisema usinipikie, sikusema sili."